Kununua si Kusilimu

Msimu wa korosho unapokolea na fedha za mnada kuanza kuingia, kibanda umiza hujaa kabla ya magharibi. Nkowe, wilayani Ruangwa, haina tofauti na kata nyingine za mkoa wa Lindi kwa hilo. Watu hutoka mashambani na nguo za kazi zenye madoa ya mabibo, doa ambalo hakuna sabuni inayolitoa, wakabanana kwenye mabenchi ya mbao na kukodolea macho Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa miaka kadhaa, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, utani wa vibandani ulikuwa na mada mpya. Ndicho kipindi ambacho manahodha wa ligi hiyo walivaa kitambaa chenye rangi za upinde wa mvua, ishara ya kuwaunga mkono mashoga na wasagaji. Hapo mwalimu wa dini wa kanisani alikuwa akimgeukia ustaadhi wa madrasa aliyekaa benchi la mbele.

"Ustaadhi, nahodha wako leo kavaa nini mkononi?"

"Mwalimu, mimi nimelipia mpira. Mkono wake ataulizwa yeye."

Watu walicheka, mpira ukaendelea. Lakini ndani ya utani huo mna swali zito. Muumini anayeamini kwamba mapenzi ya jinsia moja ni dhambi, je, anaruhusiwa kutoa shilingi yake kwa mtu, kampuni au nchi isiyoamini hivyo? Akinunua, ameridhia? Akisusa, amemtii Mungu, au amejitafutia sifa tu?

Novemba 30, 2024, wachezaji wawili walilijibu uwanjani, kila mmoja kwa njia yake. Sam Morsy, nahodha wa Ipswich Town na Mwislamu, alikataa kitambaa cha upinde wa mvua akavaa cha kawaida. Marc Guehi, nahodha wa Crystal Palace na Mkristo, alikivaa, lakini juu yake akaandika kwa kalamu kwamba anampenda Yesu. Chama cha soka kilimkumbusha Guehi kwamba maandishi ya kidini hayaruhusiwi kwenye vifaa vya mchezo, kisha hakikumchukulia hatua. Siku tatu baadaye timu zao zikakutana. Mmoja alikataa, mwingine alikubali na kuongeza neno lake, na wote wawili wakacheza dakika zao dhidi ya wapinzani na pamoja na wenzao bila kumuuliza mtu anaishije nyumbani kwake.

Mnunuzi wa korosho anaamini nini?

Tuanze na kinachoiweka Nkowe mjini, yaani korosho na ufuta. Mkulima hupeleka gunia ghalani kwa chama chake cha msingi, linapimwa, anapewa stakabadhi, kisha Chama Kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaupeleka mzigo mnadani. Makampuni yanaleta zabuni, wakulima wanasomewa bei, wanakubali au wanakataa.

Wanajua kukataa. Oktoba 2018 wakulima wa kusini walizigomea bei za minada ya kwanza, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ulikuwa mgomo wa kweli kabisa, na hoja yake ilikuwa bei.

Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania huishia India na Vietnam. Septemba 6, 2018, wiki chache tu kabla ya minada ile, Mahakama ya Juu ya India ilifuta adhabu ya mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima waliokubaliana, adhabu iliyoachwa na Waingereza katika sheria ya mwaka 1860. Vietnam haina sheria ya kuwafunga watu wa namna hiyo. Kwetu, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Kwa hiyo kila mwaka muumini wa Nkowe anamuuzia mtu ambaye nchi yake inaruhusu kile ambacho kwetu ni jinai. Hakuna mnada uliowahi kusimamishwa kwa sababu hiyo, na hakuna shehe wala padri aliyedai usimamishwe.

Ni unafiki? Sidhani. Mkulima anajua jambo ambalo sisi wa maneno mengi hulisahau, kwamba biashara ni mkataba wa kitu na thamani yake. Kununua si kusilimu, na kuuza si kubatizwa. Ukiuza ufuta kwa Mhindu hujaabudu masanamu, na padri akishonewa kanzu na fundi Mwislamu, imani ya fundi haijapungua hata uzi mmoja.

Dirii ya Mtume, nyama ya Korintho

Vitabu vya dini zetu vina mengi kuhusu soko kuliko tunavyohubiriwa. Waislamu wanapokea katika hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad alifariki dirii yake ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina, kwa deni la shayiri ya kulisha familia yake. Madina walikuwamo masahaba wenye mali ambao wangempa bila rehani. Alichagua kukopa kwa asiyekubaliana naye katika jambo kubwa kuliko yote, yaani utume wake mwenyewe.

Wakristo nao wana Korintho. Nyama nyingi ya sokoni mle ilikuwa imepitia kwenye mahekalu ya miungu, na waumini wakataabika: tule au tusile? Mtume Paulo aliwaambia wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza, ila mtu akiwatangazia wazi kwamba hiki ni cha sanamu, waache kwa ajili ya dhamiri ya mwenzao. Na alipowakataza kushirikiana na wazinzi, alifafanua kwamba hakuwa na maana ya wazinzi wa dunia, kwani ingewalazimu kuihama dunia yenyewe. Ukali wake aliuelekeza kwa walio ndani ya kanisa.

Kuna jambo jingine ambalo mimbari zetu hulipita haraka. Katika Biblia ya Kiswahili, neno linalotumika katika Walawi 18 kwa mwanamume kulala na mwanamume ni machukizo. Fungua Mithali 11 mwanzoni kabisa: mizani ya hadaa nayo ni chukizo kwa Bwana. Katika Kiebrania pia neno ni lilelile. Kwenye Qurani, katika sura ya Al-Aaraf, ya Hud na ya Ash-Shuaraa, kisa cha watu wa Nabii Lut kinafuatwa mara moja na kisa cha watu wa Nabii Shuaibu, walioangamizwa wakiwa na dhambi ya kupunja vipimo. Katika sura ya Hud, Shuaibu anawaonya watu wake kwamba kaumu ya Lut haiko mbali nao.

Kusini tunamjua mpunjaji kwa jina la kipimo chake: kangomba. Mlanguzi huja kipindi cha njaa, mkulima hana unga wala ada ya mtoto, anampa fedha kidogo mkononi, kisha msimu ukifika anachota korosho kwa bakuli lake kufidia deni. Serikali imepiga marufuku, na biashara bado inajitokeza. Mara ngapi umesikia hotuba ya Ijumaa au mahubiri ya Jumapili yakitaka tusimsalimie mtu wa kangomba, tusinunue dukani kwake, tusimpe nafasi ya mbele harusini? Tunasimulia kisa cha Lut kwa sauti kubwa, tukifika kwa Shuaibu tunafunga kitabu.

Askofu wa Masasi na mgomo wa Nyerere

Asiseme mtu kwamba kususa hakuna maana. Kusini mwa Tanzania tuna sababu ya kujua nguvu yake.

Juni 26, 1959, katika mkutano uliofanyika London, Julius Nyerere alisimama kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Kwenye jukwaa hilohilo alikuwapo Trevor Huddleston, padri Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Sophiatown, Johannesburg, akiona watu weusi wakivunjiwa nyumba. Mwaka uliofuata Huddleston akaja kuwa Askofu wa Masasi, dayosisi iliyoenea ukanda huu wa kusini mashariki, Nachingwea ikiwamo, akakaa hadi 1968. Mgomo ule ndio uliozaa vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi, na ulichukua miaka 35 hadi Waafrika wote wa kule walipopiga kura, 1994.

Tazama mgomo ule ulikuwa na sura gani. Ulilenga utawala wenye bunduki na sheria zake za kuonea watu. Dai lake lilikuwa wazi, ondoeni ubaguzi, na kila aliyeliona angeweza kusema limetimizwa au bado. Aliyeumia kwanza alikuwa mwenye nguvu. Wala haukumtaka mtu yeyote amchunguze jirani yake.

Na historia haina mstari ulionyooka. Desmond Tutu, aliyekuwa kijana mdogo Sophiatown na kupata malezi ya Huddleston, alikuja kuwatetea mashoga waziwazi kwa hoja ya Injili, wakati maaskofu wenzake wengi wa Afrika wakiishika hoja ya kinyume kwa Injili hiyohiyo.

Fedha inayokataliwa

Desemba 2006, maaskofu wa Kanisa Anglikana Tanzania, Askofu Mkuu akiwa Donald Mtetemela, walitoa tamko mjini Dar es Salaam kwamba kanisa halitapokea, kwa kujua, fedha wala msaada kutoka kwa wale wa Kanisa la Maaskofu la Marekani wanaokubali mwenendo wa ushoga au kubariki ndoa za jinsia moja. Chanzo kilikuwa kuwekwa wakfu, mwaka 2003, kwa Gene Robinson, askofu wa New Hampshire aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake. Walutheri wa Tanzania nao, kwa Tamko la Dodoma la 2010, walikataa ndoa hizo pamoja na fedha za wanaozipigania, miezi michache baada ya Kanisa la Sweden, mshirika wao wa siku nyingi, kuamua kuzifungisha.

Mwaka 2011, Waziri Mkuu wa Uingereza David Cameron alipotangaza kwamba nchi zinazowanyima mashoga haki zingeweza kupunguziwa misaada, aliyemjibu kwa niaba ya Tanzania alikuwa mtu wa mkoa huuhuu wa Lindi: Waziri wa Mambo ya Nje Bernard Membe, mbunge wa Mtama. Alisema msaada wenye sharti hilo hatuutaki.

Unaweza kukubaliana na misimamo hii au kuikataa, lakini ina heshima moja: anayekataa ndiye anayelipa. Kanisa lililokataa fedha ya Marekani lilijinyima lenyewe.

Fimbo ya kususa, hata hivyo, ina ncha mbili. Novemba 2018, baada ya Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo kutangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, na licha ya serikali kusema huo ulikuwa mtazamo wake binafsi, Denmark ilizuia msaada wa krona milioni 65. Agosti 2023, Benki ya Dunia ilisitisha mikopo mipya kwa Uganda kwa sababu ya sheria yake dhidi ya ushoga. Waliofanya hivyo nao walisema ni suala la maadili: hatuwezi kuweka fedha yetu mahali panapovunjwa tunachokiamini. Tukidai haki ya kususa kwa ajili ya dhamiri, hatuwezi kuwanyima wengine haki hiyohiyo. Tunachoweza kuuliza ni kilekile tunachopaswa kujiuliza sisi: fimbo hii inamwangukia nani, waziri au mgonjwa wa zahanati?

Mkono wako uko wapi?

Njia ya kutoka kwenye utata huu ni kuangalia umbali kati ya mkono wako na tendo.

Wenye elimu ya dini wameijua njia hii zamani. Katika hadithi kuhusu pombe, waliolaaniwa ni kumi, tangu anayeikamua hadi anayeibeba na anayeiuza. Wote hao mkono wao uko kwenye chupa. Aliyemuuzia mlevi nyanya hatajwi.

Huko Belfast, mwaka 2014, duka la mikate la familia ya Kikristo liliombwa keki yenye maandishi ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Bei ilikuwa pauni 36 na senti 50. Wenye duka wakarudisha fedha, mteja akashtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza. Oktoba 10, 2018, majaji walisema kwa kauli moja kwamba waokaji hawakumkataa mteja kwa jinsi alivyo, walikataa ujumbe, na wangeukataa hata kama angeuleta mtu mwingine. Hawakulazimika kuandika wasichokiamini. Lakini majaji walisema pia kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu tu ni shoga ni kumvunjia utu.

Nkowe hakuna keki za namna hiyo, ila kuna wakala wa fedha za simu. Kijana Mwislamu, au mlokole, ana kibanda chake chenye mwavuli, na kila Jumamosi anajua kabisa kwamba buku mbili anazowawekea vijana kwenye simu zinakwenda kubeti. Je, mkono wake umo? Mmoja ataniambia yeye anahamisha fedha, basi. Mwingine atakataa kuweka fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya kamari, akakubali kuweka kwenye simu ya mtu. Nawaheshimu wote wawili, maana kila mmoja anauhukumu mkono wake mwenyewe. Na kabla hatujamnyooshea kidole Guehi kwa kitambaa chake, tukumbuke jezi za Simba na Yanga zilizokuwa na jina la kampuni ya kubeti kifuani, zikavaliwa hadi milangoni mwa misikiti na makanisa.

Ukivuka mkono, likija suala la kuwazuia wengine, hatari huanza. Aprili 1993 mjini Dar es Salaam, waliochukizwa na bucha za nguruwe hawakutosheka na kutonunua, wakazivamia. Februari 2013, huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulimalizika kwa mchungaji kuuawa. Mwislamu asiyenunua kitimoto amelinda dini yake. Aliyevunja bucha ya mwenzake ameivunja.

Doa la bibo

Nimeacha jambo gumu mwisho. Tuseme Nkowe yote ikubaliane kesho kuisusa kampuni ya simu ya California ambayo bosi wake wa wakati huo, Tim Cook, alitangaza mwaka 2014 kwamba ni shoga. Kampuni hiyo haitajua kamwe. Kwanza, ni wangapi kijijini wenye simu zake?

Lakini mgomo huo hautaishia California. Utatafuta mtu wa karibu. Utamkuta kijana fundi cherehani kwenye baraza la duka, mwenye sauti nyororo, asiyeoa, anayeshona sare za shule vizuri kuliko wote. Mtu mmoja atasema neno kisimani, jingine litasemwa kilabuni, na kufikia wiki ya pili akina mama watakuwa wanapeleka vitambaa kwa fundi wa kijiji cha pili. Hakuna aliyeona lolote. Tetesi ni kama doa la bibo, likishaingia kwenye nguo utafua mpaka ichanike.

Kwa Mwislamu hapa pana onyo kali. Sura ya An-Nur inataka mashahidi wanne kwa anayewatuhumu wanawake wenye heshima zao kwa zinaa, na asiyewaleta anapigwa mijeledi 80, ushahidi wake haupokelewi tena. Wanazuoni wakaipeleka hukumu hiyo hata kwa anayemzulia mwanamume. Sura ya Al-Hujurat inakataza kupelelezana na kusengenyana. Kwa Mkristo ipo amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Dini zote mbili zinazotukataza tendo lile ndizo zinazotukataza, kwa ukali ule ule, kumhukumu mtu kwa sauti yake na mwendo wake.

Hapa ndipo tofauti ya mgomo wa Nyerere na Huddleston na mgomo wa kisimani inapoonekana. Ule wa kwanza ulimwendea mwenye nguvu kwa dai alilolijua, naye akapewa njia ya kulitimiza. Huu wa pili unamwendea mnyonge kwa tuhuma asiyoijua, hana pa kujibu, na hata akihama doa linamfuata Nachingwea.

Kwa hiyo, msomaji, dhamiri yako ni yako na mkoba wako ni wako. Kama kuna mkono wako kwenye jambo unaloamini ni dhambi, uondoe, na ukubali hasara yake mwenyewe. Kama kuna mtawala au kampuni inayoonea watu, susa, tena sema sababu hadharani. Lakini fundi akikushonea sare ya mtoto ikamkaa vizuri, mlipe fedha yake yote kwa siku mliyoahidiana. Na msimu huu, gunia la jirani yako linapowekwa kwenye mizani ghalani, sogea karibu, angalia mshale unasimama wapi. Mizani ya hadaa ni chukizo ambalo uwezo wa kulizuia unao leo.